Mnyonya Damu na Zamu ya Vyombo
Filamu ya What We Do in the Shadows, kazi ya Taika Waititi na Jemaine Clement wa New Zealand (2014), inachekesha kwa kuzitii sheria za wanyonya damu, si kwa kuzivunja. Mnyonya damu haingii mahali bila kukaribishwa. Basi wanyonya damu hawa wa Wellington, wanaopanga nyumba moja, wanabaki mlangoni mwa klabu wakimbembeleza baunsa awaambie karibuni. Viago, mmoja wao aliye mstaarabu kupita kiasi, anatandika magazeti kabla ya kung'ata, kisha anatoboa mshipa mkubwa na damu inaruka kila upande. Mtu atasema utani huu ni wa waliotazama filamu ya mnyonya damu, Nosferatu ya 1922, tu. Kwa Petyr, mwenzao mwenye miaka 8,000 na sura iliyotoka humo, sawa. Lakini mwenzao Deacon kukwepa zamu ya kuosha vyombo kwa miaka 5 kunaeleweka na yeyote aliyewahi kupanga nyumba na wenzake.