Moyo unaougua unahitaji pia injenia

Katika makanisa yetu ya Maniema tunawajua watoto wa namna hii. Akipanda kutoka mtoni na kidumu cha maji anapumzika mara tatu, miguu inavimba, usiku analala akiwa ameketi. Jirani wanasema amerogwa. Lakini mara nyingi ugonjwa ulianzia kooni. Mdudu aitwaye streptokoki aliingia, hakutibiwa, kisha ulinzi wa mwili wenyewe ukageuka na kuushambulia moyo. Ndani ya moyo kuna milango midogo, inayoitwa vali, inayozuia damu isirudi nyuma. Ikipata makovu haifungi tena, au haifunguki vizuri.

Huko Gulu, Uganda, Daktari Emmy Okello na wenzake walifuatilia watoto 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila wao kujisikia wagonjwa. Nusu walichomwa penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa, watoto 3 tu walizidiwa. Kati ya wasiochomwa, 33. Penisilini si dawa ya gharama kubwa. Jambo gumu lilikuwa kuwatambua watoto wale, na hilo halikuwezekana bila mashine inayoonyesha moyo ukipiga kwa mawimbi ya sauti.

Basi hapo ndipo injenia anapoingia. Wengi wetu tukisikia habari za moyo tunamfikiria daktari peke yake. Vali ya kwanza ya bandia iliyofanya kazi vizuri mahali pa mlango wa kushoto wa moyo iliwekwa mwaka 1960 huko Marekani na watu wawili wakishirikiana: Albert Starr, daktari wa upasuaji, na Lowell Edwards, injenia aliyekuwa amezoea pampu. Mmoja bila mwingine asingefika.

Tena kazi yao haijaisha, hasa kwa watu wa kwetu. Vali ya chuma hudumu, lakini mgonjwa humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Nani atampima kijijini, mbali na Kindu? Vali iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe haidai dawa hiyo, ila kwa kijana huchakaa mapema. Huko Cape Town Profesa Peter Zilla na wenzake wanatafuta vali inayofaa wagonjwa vijana wa Afrika. Ni swali linalotuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya, kwa maana kwao ugonjwa huu umekuwa adimu.

Mtoto wetu atajifunza wapi kazi hii? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya hiyo imegawana vituo: elimu ya moyo na mishipa ya damu iko Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, uhandisi wa vifaa vya tiba uko Kigali. Makerere, Kampala, pia inafundisha uhandisi huo. Njia ya Kigali kwa kijana wa Maniema leo si nyepesi, kila mtu anajua sababu. Na vyuo hivyo vyote vinafundisha kwa Kiingereza, huku watoto wetu wanapata diploma ya serikali kwa Kifaransa. Tunaona kizuizi hiki ni kikubwa kuliko karo, maana karo kanisa linaweza kuchanga, lakini lugha haichangwi kwa Jumapili moja. Ianze sekondari, pamoja na hesabu na fizikia, na wasichana wasisukumwe pembeni.

Anayengoja chuo anaweza kuanzia karibu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika nchi maskini karibu asilimia 40 ya mashine za hospitali zilikuwa hazifanyi kazi. Basi kijana anayependa kufungua redio aombe kukaa na fundi wa hospitali wakati wa likizo. Atajifunza kwa nini mashine ya oksijeni inazimika umeme ukiyumba, vumbi linaingilia wapi, na kipuri gani kinakosekana kila mara. Maswali hayo hayo ndiyo atakayoulizwa baadaye kwenye maabara ya moyo.