Pareto: Ua Linaloirithisha Mbegu Yake Kinga

Pareto, mmea wa ukoo mmoja na alizeti ambao ua lake lina petali nyeupe zinazozunguka kitovu cha manjano, asili yake ni Dalmatia kwenye pwani ya Bahari ya Adria, nao uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na kustawi katika baridi ya Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok. Wapo wanaoamini kwamba kichaka chake kikipandwa dirishani hufukuza mbu, ilhali pirethrini, yaani viambato sita vinavyovuruga mishipa ya fahamu ya mdudu hadi akapooza, havielei hewani bali hubaki ndani ya ua mpaka lisagwe.

Sehemu kubwa ya sumu hiyo haimo katika petali, bali katika matunda madogo makavu yaliyosongamana kitovuni, kila moja likiwa na mbegu moja. Juu ya kila tunda kuna vinyweleo vyenye tezi ambavyo hutengeneza malighafi ya sumu na kuipitisha ndani ya ganda, ambamo pirethrini huundwa na kuhifadhiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiinitete hufyonza sehemu ya hazina hiyo, hivyo mche, ambao bado hauna vinyweleo vya aina hiyo, huchipuka ukiwa tayari na kinga dhidi ya wadudu na kuvu. Kwa hakika, ni mimea michache inayostahili kustaajabiwa kiasi hiki.

Anayetaka kuotesha pareto kwa mbegu humwaga mbegu katika kitalu chenye udongo laini, huzifunika kwa udongo mwembamba na kuhamisha miche baada ya miezi kadhaa. Kwa kuwa mmea hauwezi kujichavusha wenyewe, inafaa kupanda mingi pamoja, na miche haitafanana na mama yake, ndiyo maana wakulima hupendelea kugawa mashina ya mimea iliyothibitika kuwa bora. Vitumba vya maua huhitaji siku kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzi 16 hivi, kwa hiyo bustani ya Molo hutoa maua mengi kuliko ya Nakuru mjini.

Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia katika zao hili, na kiwanda chake kilikuwa Nakuru. Kisha malipo ya wakulima yakacheleweshwa mno, wengi wakang'oa mashamba, na uongozi ukachukuliwa na Tasmania, Australia. Ni hasara ya kusikitisha kwamba familia za Kenya hununua dawa za wadudu zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga muundo wa pirethrini, huku ua lenyewe likisahauliwa.

Maua yaliyokaushwa hutumika katika dawa za kupulizia, unga wa kuhifadhi nafaka, dawa za kupe na viroboto, na koili za kufukuza mbu; masalia yake hulishwa mifugo. Pirethrini huvunjwa upesi na mwanga wa jua, lakini huua nyuki na samaki pia, kwa hiyo mwenye bustani asipulize dawa hiyo juu ya mimea inayochanua wala asimwage masalio yake mtaroni.