Jinsi Adenini Inavyojiokoa na Mwanga wa Jua

Adenini, moja ya besi nne zinazounda DNA, hufyonza sana mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 260 hivi. Nishati ya fotoni moja tu ya mionzi hiyo inatosha kuvunja kifungo cha kemikali. Hata hivyo, mara nyingi molekuli hubaki nzima, kwa kuwa huigeuza nishati ile kuwa joto kabla haijaleta madhara. Kazi yote huisha ndani ya takriban pikosekunde moja, yaani sekunde moja ikigawanywa mara trilioni. Hakuna kifaa cha elektroniki kinachoweza kufuata hatua zake moja kwa moja.

Watafiti hutumia mipigo miwili ya leza. Wa kwanza huisisimua molekuli. Wa pili huja baadaye kidogo na kung'oa elektroni. Muda kati yao hupangwa kwa umbali: mpigo wa pili hurefushiwa njia kwa vioo. Katika femtosekunde moja, ambayo ni sehemu ya elfu ya pikosekunde, mwanga husafiri mikrometa 0.3 tu. Ukirudisha kioo nyuma kwa mikrometa moja, mwanga unaokwenda na kurudi huchelewa karibu femtosekunde 7. Katika fani hii nzima, hakuna wazo ninalolistahi kuliko hili.

Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuchunguza mabadiliko ya kemikali kwa mipigo ya namna hii. Elektroni iliyong'olewa huongeza habari muhimu. Nishati inayotoka nayo ni ile ya fotoni, ukiondoa iliyotumika kuing'oa, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Molekuli ikibadili hali, nishati hiyo nayo hubadilika. Kuhesabu ayoni, yaani molekuli zilizopoteza elektroni, peke yake hukuonyesha kwamba jambo limetokea. Elektroni hukuambia ni jambo gani.

Mwaka 2004, watafiti wa Canada walichapisha vipimo vya adenini katika hali ya gesi. Waliisisimua kwa nanomita 267, wakang'oa elektroni kwa nanomita 200, wakaona hatua mbili: ya kwanza chini ya femtosekunde 100, ya pili ikikaribia pikosekunde moja. Ni hali zipi hasa ambazo molekuli hupitia? Hilo limebishaniwa sana na wananadharia.

Isitoshe, ndani ya uzi wa DNA adenini hupangana moja juu ya nyingine, na msisimko unaweza kudumu makumi ya pikosekunde au zaidi. Vipimo vya gesi peke yake havitoshi; ndiyo maana sasa maabara huyeyusha molekuli hizi majini na kurusha uzi mwembamba wa maji hayo ndani ya ombwe, ingawa elektroni nyingi hupoteza nishati kabla ya kutoka majini.