Si Kiswahili kilichomfunga ulimi

KATIKA familia zetu zilizorudi kutoka nje, mtoto akichelewa kusema, wa kwanza kushitakiwa ni lugha. "Amechanganyikiwa," husema ndugu. "Bibi anamsemesha Kinyarwanda, mama yake Kiswahili. Mwacheni, atazoea." Basi anaachwa. Anafika miaka sita, anaandikishwa shule bila kutamka hata neno "mama", na hapo ndipo mzigo unapotuliwa juu ya meza ya mwalimu.

Mimi ni mwalimu, na lugha hizo mbili nimekua nazo. Nilisoma Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, mpaka kidato cha nne, nikarudi Rwanda na wazazi wangu mwaka 1998. Darasa letu kule lilijaa watoto waliosema Kinyarwanda nyumbani, Kinyambo uwanjani na Kiswahili mbele ya mwalimu. Wapo waliochanganya maneno mpaka tukacheka, lakini wote waliitika walipoitwa.

Hapo ndipo penye tofauti. Mtoto anayechanganya lugha huwatafuta watu: atakuvuta nguo, atakuonyesha ndege kwa kidole, atacheka ukicheka. Mtoto mwenye usonji mara nyingi haitiki jina lake ingawa anasikia. Anaweza kufikisha mwaka mmoja na nusu bila kuonyesha kitu kwa kidole, au akawa na maneno machache kisha yakapotea. Atapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja saa nzima, na kelele za soko zitamfanya azibe masikio na kulia. Si wote wenye dalili zote. Wapo wanaosema vizuri kabisa, na hao hutambuliwa wakiwa wamechelewa, hasa wasichana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya watoto elfu moja ingekuwa nao saba au wanane. Kama shuleni kwenu hayupo hata mmoja, ulizeni wako wapi.

Mmoja nilimkuta chumbani, mlango umefungwa kwa nje. Mama yake huvuka Rusumo alfajiri, hununua mchele na vitunguu upande wa Ngara na kurudi mchana. "Nilimfungia, mwalimu, si kwa ukatili," aliniambia. "Hajui hatari, na mto uko pale." Hofu yake ina msingi. Watoto wengi wenye usonji hutoroka bila kuaga, na maji huwavuta. Kuzama ni miongoni mwa mambo yanayowaua.

Leo mtoto huyo ana miaka saba na siku tatu kwa juma anashinda katika kituo kidogo kilichoanzishwa na wazazi wenyewe, hapa mkoa wa Mashariki. Wazazi wameomba majina yasiandikwe kwa ajili ya majirani, nami nimekubali. Kituo ni vyumba viwili na ua wenye uzio mzuri. Jambo la kwanza waliloliuliza ni kama masikio yamepimwa hospitali, maana kiziwi naye haitiki. La pili, walimkataza mama kumfundisha kusema kwa kumkaripia.

Walianza na picha. Kadi yenye kikombe, kadi yenye choo, kadi yenye ndizi. Akitaka maji anampa mtu kadi ya kikombe, anapewa maji hapo hapo. Kwa nje ni mchezo mdogo, lakini mtoto ambaye kwa miaka sita aliomba kwa kupiga kichwa ukutani sasa ana njia ya kuomba. Wengi huogopa kwamba picha zitamvivisha ulimi. Utafiti hauonyeshi hivyo, na kwa baadhi ya watoto maneno hufuata. Hata hofu ya lugha mbili haina mashiko: watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hawachelewi zaidi ya wenzao wa lugha moja. Bibi aendelee na Kinyarwanda chake.

Kadi iliyonigusa zaidi ilichorwa kwa ajili ya familia hii tu. Inaonyesha daraja na mwanamke mwenye mzigo kichwani. Ya pili yake inamwonyesha mwanamke yule yule mlangoni. Kila asubuhi mama huziweka zote mbili ukutani: nimevuka, nitarudi. Watoto hawa huumia sana ratiba inapobadilika bila taarifa, na maisha ya mpakani yana taarifa gani? Foleni ikirefuka, kadi ya kurudi inakaa ukutani mpaka jioni, naye anakaa mbele yake.

Si kila kitu ni kizuri. Walezi ni wachache, ada huwashinda wengine, na mtaalamu wa kumpima mtoto yuko Kigali, safari ya kilomita zipatazo 160. Huko Kigali kituo cha Autisme Rwanda kilifunguliwa mwaka 2014. Nairobi, Shule ya Msingi City, ambayo ni ya serikali, ilianza kitengo cha watoto wenye usonji mwaka 2003. Sisi wa mpakani bado tunajikokota nyuma yao.

Pengo hilo wamelijaza wauza chupa. Mama huyu alishatoa fedha za magunia mawili ya mchele kwa mtu aliyedai kufungua ulimi kwa mizizi. Usonji hauponywi kwa dawa, iwe ya kienyeji au ya kizungu. Haukuletwa na uchawi, wala chanjo, wala mama asiyependa mwanawe. Sehemu kubwa ya chanzo iko katika kurithi. Ile makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu ya chanjo ilifutwa na jarida lililoichapisha, Lancet, mwaka 2010.

Kinachowasaidia akina mama wenyewe ni Jumamosi. Wanakutana, wanafundishana kumlisha anayekataa vyakula vyote isipokuwa wali mweupe, kumzoesha choo, kumnyoa bila vita. Halafu wamegawana siku za soko, ili anayebaki alinde na watoto wa wenzake wanaovuka. Jumatano ni zamu ya mama wa vitunguu. Siku hiyo haendi Rusumo, na kadi ya daraja inabaki kwenye boksi.