Mwiba Mdogo Katika Mfumo Mpya wa Tarakilishi

"Samahani mwalimu, nimeiharibu." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno katika chumba cha tarakilishi, hata sasa sishtuki. Aghalabu mwanafunzi hajaharibu lolote. Alitaka kufanya jambo moja, kitufe alichodhani ndicho kikafanya jingine, na insha yake ikatoweka machoni. Basi huinamisha kichwa kana kwamba amevunja kikombe nyumbani kwa watu. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema, "Mwalimu, aliyekiweka kitufe hiki hapa alikosea."

Leo nataka kumtetea mwanafunzi huyu. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na katika ulimwengu wa tarakilishi miiba ya aina hii huchomoza mapema, kabla bidhaa haijafika dukani, wakati ambapo ingeweza kung'olewa bila taabu.

Msomaji anajua kwamba mfumo endeshi ndio msimamizi wa kazi zote za tarakilishi. Ndio unaofungua faili, unaochora madirisha na unaopokea kila tunachobofya. Watengenezaji wake wana desturi ya kutoa kwanza toleo la majaribio ili watu walitumie na kutoa maoni. Katika majaribio hayo dosari kubwa hujitangaza zenyewe. Mtambo ukiganda, au faili ikipotea, hakuna atakayenyamaza. Dosari ndogo haina kelele. Humchelewesha mtu nukta mbili tu, naye huguna akapita. Baada ya juma moja mkono umekwisha kuzoea kukizunguka kikwazo, na mwenyewe hakioni tena. Ndiyo maana anayefaa kuulizwa kwanza ni yule aliyeketi mbele ya mfumo huo leo asubuhi.

Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya Apple. Tarehe 13 Septemba 2000, mjini Paris, Steve Jobs alitangaza toleo la majaribio la Mac OS X, likauzwa kwa umma kwa dola 29.95. Naam, watu walilipa ili wapate kujaribu! Tena toleo lenyewe liliwekewa kikomo: Mei 2001 lingeacha kufanya kazi. Chini ya sura yake ya kumetameta mfumo huo ulikuwa kazi kubwa ya kihandisi. Ulijengwa juu ya msingi wa Unix, na programu moja ilipoanguka haikuziburura nyingine, jambo ambalo mfumo wa zamani wa Macintosh haukuweza kulihakikisha. Mtu angedhani watumiaji wangeshangilia tu. Badala yake, wengi wao walilalamikia picha ya tofaa.

Tangu Macintosh ya kwanza, iliyotoka Januari 1984, palikuwa na tofaa dogo upande wa juu kushoto wa kioo. Ukilibofya, menyu hushuka. Mwanzoni ilikuwa na vitu kama kikokotoo, saa na daftari, na baadaye watu wakaweza kuongeza humo programu na faili zao wenyewe. Katika toleo la majaribio tofaa lilihamishiwa katikati ya upau wa juu, na halikuwa na kazi yoyote. Ukilibofya, kimya. Lilikuwa pambo.

Je, hili ni jambo la mtu mzima kulalamikia? Ndiyo, na sababu yake inapimika. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kukifikia kilengwa hutegemea umbali na ukubwa wa kilengwa hicho. Sasa fikiria ukingo wa kioo cha tarakilishi. Mshale wa kipanya ukifika pale hauwezi kupita. Usukume upendavyo, utabaki papo hapo. Kwa hiyo kilichowekwa ukingoni, na zaidi pembeni, hufikiwa kwa msukumo mmoja bila kulenga sana, ilhali kilicho katikati humlazimu mtu kupunguza mwendo na kulenga kwa makini. Kulitoa tofaa mahali pale na kulinyamazisha kulikuwa sawa na kumhamisha mwenye duka kutoka njia panda hadi uchochoroni, kisha kumfungia mlango.

Hayakuwa hayo tu. Pipa la taka, ambalo zamani lilikaa pembe ya chini kulia, liliingizwa katika utepe wa ikoni uitwao Dock, na kila ikoni mpya ilipoongezwa pipa likasogea. Majina ya ikoni hizo hayakuonekana mpaka mshale upite juu yake. Vitufe vya dirisha navyo vilikusanywa pamoja. Awali kitufe cha kufunga kilikuwa peke yake kushoto, na vile vya kupanua na kukunja vilikuwa kulia. Sasa vitatu vilipangwa safu moja upande wa kushoto, chekundu, cha manjano na cha kijani, alama zao zikijitokeza tu mshale unapokaribia. Mtu asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani afanyeje? Na watu hao si wachache, hasa miongoni mwa wanaume.

Toleo kamili lilitoka tarehe 24 Machi 2001. Tofaa lilikuwa limerudi mahali pake, na likibofywa linaitika. Hapana shaka kelele za wajaribu zilichangia. Hata hivyo, lilirudi likiwa na orodha iliyopangwa na kampuni: kuzima, kuwasha upya, mipangilio na mengineyo. Ule uhuru wa mtu kutia humo vitu vyake haukurudi. Pipa la taka liliendelea kusogea, na vile vitufe vitatu vingali safu moja hadi leo.

Wahandisi wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Husema kwamba mtumiaji huchukia kila kigeni, na kwamba nusu ya malalamiko ni mazoea tu yanayolia. Ni kweli. Lakini ipo njia ya kupambanua. Mwite mtu ambaye hajawahi kuutumia mfumo wa zamani, umpe kazi ndogo, ukae kando bila kumwelekeza. Yeye naye akijikwaa palepale, mazoea hayahusiki. Dosari imo katika kitu chenyewe.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Toleo lile la majaribio lilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Programu ikivaa lugha yetu huja na miiba ambayo mgeni hawezi kuiona kamwe. Chukua ujumbe wa kufuta faili. Mwingereza huongeza herufi moja mwishoni mwa nomino, akamaliza. Sisi husema "faili 1 imefutwa" lakini "faili 5 zimefutwa", na mtunzi wa programu aliyeacha nafasi ya kubadilisha tarakimu pekee atatuandikia "faili 5 imefutwa" milele. Nani atamwambia, ikiwa mwalimu wa Kiswahili huguna tu akapita?

Walimu wenzangu, darasani nimeanza zoezi la karatasi moja. Mwanafunzi aliyekwama haruhusiwi kuomba radhi. Anaandika alichokifanya, alichokitarajia, na kilichotokea, pamoja na tarehe na jina la programu. Somo hili ni la utunzi kama lilivyo la tarakilishi, maana sentensi isiyo wazi haitamfaa mhandisi aliye mbali. Wiki iliyopita msichana wa kidato cha pili aliniletea yake:

"Nilibofya alama ya kuhifadhi. Nilitarajia kuambiwa insha yangu imewekwa wapi. Iliihifadhi, lakini haikuniambia ni wapi, na mpaka sasa naitafuta."