Mbele ya teori ya nyuzi, mutoto ajue nini?

Teori ya nyuzi inasema hivi: ukivunja jiwe la shaba mpaka atomu, kisha uvunje na vile viko ndani ya atomu, mwisho utakuta nyuzi ndogo sana zinazotetemeka. Hakuna chombo kimesha kuziona. Lakini batoto wanasikia habari hii, wanatuuliza, na siye wazazi wa mine tunapashwa kuwajibu sawasawa.

Mwanzo ni gitare. Kaza uzi, sauti inapanda. Weka uzi munene, inashuka. Ni vile pia kwa kable inayobeba watu mu shimo: mbio ya wimbi inayopita mu kable inatoka ku nguvu inayoivuta na uzito wa kila metre. Gawanya nguvu kwa ule uzito, tafuta rasine kare, umepata mbio. Mutoto anayeweza kuonyesha ile hesabu inatoka wapi, si kuikariri tu, yeye amefika ku mulango.

Na inatoka ku derive, integrali, trigonometri na vekta. Vyote vinafundishwa mu humanités, option ya sayansi. Kwa hiyo uchaguzi unafanyika kisha mwaka wa 8, wakati mutoto angali mudogo. Hapo njo tunaumia. Kuko masomo mahali mwalimu wa fizike hayuko, mwingine wa kemia anaandikisha paka formule. Mutoto anapata pointi, wimbi hajui.

Ku iniversite kunafuata mekanike, umeme na sumaku vile Maxwell aliviunganisha, relativite ya Einstein ya 1905, mekanike ya kwanta. Kisha nguvu ya uvutano ya 1915, ambayo matematike yake ni ngumu kweli. Ni miaka mingi, tusidanganye mutu.

Lakini Barton Zwiebach, aliyeandika mu 2004 buku la kufundisha teori hii kwa wanafunzi wa iniversite wasiofika bado ku doktora, alizaliwa Peru, inchi ya shaba kama yetu, na kule alisomea kwanza uenjinia wa umeme. Elektrisye wa atelye, usicheke: mulango wake ulikuwa ule wako.

Mu majadiliano ya konvansyo yanayokuja, pembeni ya minerval tutaweka mwalimu wa fizike na laboratware. Wazazi, mulete kwa delege wenu majina ya masomo ambamo hayuko.