Diski Inayokataa Kuandikwa

Je, wajua kwamba diski inaweza kukatiwa umeme katikati ya kazi na bado ikamaliza kuandika? Fungua diski ya SSD iliyotengenezwa kwa ajili ya seva, utaona safu ya vidude vidogo vya njano au vyeusi. Hizo ni kapasita. Umeme ukizimika, zinatoa chaji ziliyoitunza kwa milisekunde kadhaa tu, na muda huo unatosha diski kuihamisha data iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda na kuiweka mahali pa kudumu. Mara nyingi kapasita hizo ni za tantalamu, madini yanayopatikana kwenye koltani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba eneo la Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu yote inayozalishwa duniani.

Tantalamu iligunduliwa mwaka 1802 na Anders Gustaf Ekeberg, mwanakemia wa Sweden. Ni metali nzito, haishiki kutu kwa urahisi, na huyeyuka joto likipita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Kiwandani hufanywa kuwa unga, ukashindiliwa na kuokwa hadi ukawa kibonge chenye vitundu visivyohesabika. Kisha juu ya kuta za vitundu hivyo huoteshwa utando wa oksidi mwembamba sana. Utando huo ndio unaozitenganisha pande mbili za kapasita. Kwa kuwa kuta zote hizo zingekunjuliwa zingekuwa na eneo kubwa, kibonge kidogo kama punje ya mchele hubeba chaji nyingi isiyolingana na udogo wake.

Diski za bei nafuu kwa kawaida hazina kinga hiyo, na ndizo zinazouzwa kwa wingi madukani. Katika Masisi na wilaya jirani ya Walikale, ambako ofisi, redio na vituo vya afya hutegemea paneli za jua na jenereta, umeme kukatika si jambo la ajabu. Diski isiyo na kapasita hizo huweza kuachwa na maandishi nusu. Mashine ikiwashwa tena, mfumo wa Linux hukagua hifadhi yake, na ukikuta kumbukumbu za ndani hazilingani, mara nyingi huifungua diski kwa kusomeka tu. Mtumiaji anajaribu kuhifadhi faili, anaambiwa diski imekingwa isiandikwe.

Ujumbe huo huwatia watu hasira, lakini ni ujumbe wa kweli. Mfumo unakiri kwamba hauwezi kuahidi usalama wa kitakachoandikwa kwenye diski. Data nyingi hupotea baada ya ujumbe kutokea, pale fundi anapoilazimisha diski ikubali kuandikwa kabla hajajua nani aliyeifunga.

Na wafungaji ni wengi, hasa kwenye seva pepe ya nakala rudufu. Seva pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake: ni programu inayoishi ndani ya mashine kubwa pamoja na wenzake, na diski yake ni faili tu. Ile ya nakala rudufu ina kazi moja, kunakili diski za wenzake kila usiku ili siku ya balaa ziweze kurejeshwa. Kwa hiyo huzifikia diski zisizo zake, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Windows Server ina kanuni inayowashangaza mafundi wengi. Ikiiona diski mpya kwenye njia inayotumiwa na seva nyingi, haiigusi. Kwa mpangilio wake wa kawaida huiacha nje ya mtandao, na hata ikiwashwa inaweza kubaki na alama ya kusomeka tu. Sababu ni nzito. Mfumo wa faili wa NTFS haukuundwa kuandikwa na seva mbili kwa wakati mmoja; kila moja itadhani ndiyo mwenyeji, na mafaili yanaweza kuharibika yasisomeke tena. Fundi anaweza kuiondoa alama hiyo kwa programu ya diskpart, amri ya mstari mmoja. Ila kwanza athibitishe kwamba diski ni ya seva ya nakala kweli. Kama ni ya mashine nyingine inayofanya kazi saa hiyo, mstari huo mmoja unaweza kuiangamiza.

Kisa kingine hutokea sana kwenye VMware, programu inayoendesha seva pepe. Wakati wa kunakili, seva ya nakala huazima diski ya mashine nyingine na kujiunganishia. Kazi ikikatika katikati, pengine kwa sababu jenereta imezimwa, diski ya kuazima hubaki imeng'ang'ania pale pale na faili lake likiwa limefungwa. Usiku unaofuata nakala inashindikana. Dawa ni kuitenganisha diski hiyo na seva ya nakala, kisha kuziunganisha picha za muda (snapshot) zilizoachwa nyuma. Hapa panahitaji macho makali: programu huuliza kama unataka kuiondoa diski kwenye mashine tu au kuifuta kabisa kwenye hifadhi. Chaguo la pili linafuta diski ya mtu mwingine.

Ikiwa diski yenyewe inakufa, njia ni tofauti kabisa. Seli za SSD huchoka kila zinapoandikwa, na akiba ya seli nzima ikiisha, baadhi ya diski hujifunga ili angalau zisomeke. Baina ya 2013 na 2015 tovuti ya Marekani The Tech Report ilizitesa diski kadhaa kwa kuziandika bila kupumzika. Moja ya Intel ilijifunga baada ya kupita terabaiti 700. Ilipozimwa na kuwashwa, haikuonekana tena. Hivyo ndivyo mtengenezaji alivyoiunda. Fundi aliyezoea kuzima na kuwasha kila penye tatizo angeipoteza data yote kwa kidole kimoja. Diski ikijifunga yenyewe, inakiliwe kwanza ikiwa bado inawaka.

Pengine kosa liko kwenye kiungo. Kiungo cha lehemu kikipasuka kwa joto na mtikisiko, diski huanza kutoa makosa ya hapa na pale, na mfumo huifunga kwa tahadhari. Lehemu hiyo leo ni bati karibu tupu. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, na mchanganyiko mmoja uliotumika sana baadaye una asilimia 96.5 ya bati, 3 ya fedha na 0.5 ya shaba. Sasa tuingie Walikale. Huko ndiko kuliko Bisie, moja ya machimbo ya bati yenye utajiri mkubwa kuliko yote duniani. Zamani wapagazi walibeba mifuko ya kasiteriti, mawe yenye bati, migongoni, wakipita msituni hadi Ndjingala. Kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Machi 2025 waasi wa M23 walipoukaribia na kuuteka mji wa Walikale, mgodi ulisimama, na bei ya bati ikapanda kwenye soko la dunia. Watengenezaji wa vifaa vya umeme waliusikia mtikisiko wa Walikale kwenye bei.

Kuna pia kufuli linalowekwa kwa makusudi. Hifadhi za kisasa huweza kuifunga nakala kwa siku kadhaa, asiweze kuifuta hata msimamizi wake. Zimebuniwa dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kwa kuwa virusi hivyo mara nyingi huitafuta seva ya nakala. Kufuli hilo lisivunjwe hata kama nafasi inaisha; iongezwe diski.

Mwishoni mwa Januari 2025, Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ilipotekwa na M23, maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa. Sajili za wagonjwa, za ardhi na za wanafunzi za Masisi na Walikale zina haki ya kunusurika siku kama hizo, na watu wa huko, ambao madini yao yamo ndani ya diski za dunia nzima, wana haki ya kumbukumbu zao kutunzwa vizuri kama za wengine. Anayenunua diski ya seva huko aulize kama ina kinga ya kukatika umeme. Awe na nakala moja iliyofungwa na kupelekwa mji mwingine, na kila mwezi ajaribu kurejesha faili moja kutoka kwayo, ajue kama kweli linafunguka.